Gunia linalopimwa na mnunuzi

Mkulima wa viazi mviringo wa Makete au Njombe akienda dukani kununua mbolea hupewa mfuko ulioandikwa kilo 50, umeshonwa kiwandani, na hakuna muuzaji atakayemwongezea hata kiganja kimoja juu yake. Akinunua petroli ya pampu ya kumwagilia, anapimiwa kwa lita na sehemu za lita. Umeme anaununua kwa uniti, na zikiisha taa inazimika. Saruji, mbegu, dawa ya ukungu, muda wa maongezi: kila kinachoingia nyumbani kwake kimepimwa, na kipimo chake kimeandikwa mahali anapoweza kukisoma. Kisha msimu wa mavuno unafika, anauza viazi vyake, na hapo kipimo kinatoweka. Gunia analouza ni lumbesa. Limejazwa mpaka mdomoni, likaongezewa kichwa cha wavu na kamba, viazi vikashindiliwa humo hadi kichwa kikasimama chenyewe, na bei ikabaki ile ile ya gunia. Anayejaza si mkulima. Ni vijana waliokuja na mnunuzi, na mnunuzi ndiye anayewalipa.

Tumeliona jambo hili kwa miaka mingi kiasi kwamba halitushtui tena. Ukiuliza shambani, sokoni au kwenye ofisi ya kijiji, jibu ni moja: biashara ya viazi ndivyo ilivyo. Vitunguu vya Mang'ola na Ruaha Mbuyuni navyo ndivyo vilivyo, na kabichi, na karoti. Jibu hilo ndilo ninalotaka kulipinga hapa, kwa sababu linafanya dhuluma ionekane kama hali ya hewa, kitu kinachokuja chenyewe na ambacho mtu mwenye akili hujipangia tu namna ya kuishi nacho. Lumbesa ina mantiki yake, na mantiki hiyo ni nyepesi kueleweka: ni njia ya kupanga bei upya baada ya bei kukubaliwa. Watu wawili wanakubaliana shilingi, halafu mmoja wao, peke yake, anaamua shilingi hizo zitanunua kiasi gani. Pale ambapo mwenye nguvu ndiye muuzaji, kama kwenye mbolea na petroli, kipimo kinakuwa kamili hadi gramu ya mwisho. Pale ambapo mwenye nguvu ndiye mnunuzi, kipimo kinalegea, na kinalegea kuelekea upande wake kila mara. Haijawahi kusikika lumbesa ya mbolea.

Tuweke hesabu ya mfano, kwa namba rahisi. Bei iliyokubaliwa ni shilingi 70,000 kwa gunia, na gunia halali ni kilo 100. Hiyo ni shilingi 700 kwa kilo. Gunia likiongezwa kichwa na kufikia kilo 140, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusimama kwenye soko la jumla atakiri kuwa si la kushangaza, mkulima amelipwa shilingi 500 kwa kilo. Akiwa na magunia 30, ameuza kilo 4,200 na kupokea shilingi 2,100,000. Kwa bei aliyodhani amekubali angepokea shilingi 2,940,000. Shilingi 840,000 zimepanda kwenye lori bila kutajwa na mtu yeyote. Ni karibu tatu ya kumi ya thamani ya mavuno yake. Linganisha na kodi. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na uamuzi huo ulipokewa kwa furaha kubwa, kwa haki kabisa, kama unafuu kwa mkulima. Katika mfano wetu, kichwa cha gunia kimekata zaidi ya asilimia 28, na hakuna bajeti iliyokijadili. Mkulima aliyepiganiwa bungeni kwa asilimia mbili au tatu ananyang'anywa mara kumi ya hizo pembeni mwa shamba lake, na sisi tunaiita biashara.

Hoja ya kwanza ninayotegemea kusikia ni ya watu wa soko huria, nao ni watu makini, hivyo wanastahili jibu makini. Wanasema ukubwa wa gunia hauna maana, kwa sababu bei hujirekebisha. Kila mtu anajua kwamba gunia la Njombe ni kubwa, kwa hiyo bei ya gunia la Njombe nayo ni kubwa. Ukilipunguza gunia, bei nayo itapungua, na mkulima atabaki pale pale. Hoja hii ingekuwa sahihi kama lumbesa lingekuwa na ukubwa mmoja unaojulikana na pande zote kabla ya kupeana mikono. Halina. Lumbesa la Jumatatu si lumbesa la Alhamisi. Lori likikuta viazi vingi barabarani, kichwa kinarefuka. Likikuta viazi vichache, kinafupika kidogo. Kijana mwenye mikono mizuri ya kushindilia anaingiza kilo nyingi kuliko mwenzake. Kinachorekebishwa siku hadi siku ni gunia, huku bei ikibaki na sura ile ile, na hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi. Bei ni lugha ambayo mkulima anaweza kuisikia kwa jirani, kwenye redio, kwa ndugu aliye Dar es Salaam. Ukubwa wa kichwa cha gunia hausikiki redioni.

Wizara yenye dhamana ya biashara imekuwa ikitangaza bei za jumla za mazao makuu ya chakula, viazi mviringo vikiwemo, katika masoko ya mikoa, na bei hizo hutolewa kwa gunia la kilo 100. Ni kazi nzuri. Lakini mkulima anayeuza lumbesa hana njia ya kuitumia taarifa hiyo. Anasikia kwamba gunia la kilo 100 ni kiasi fulani Ilala, anaangalia gunia lililo mbele yake, na hajui kama ni gunia moja, moja na robo au moja na nusu. Hawezi kukata nauli na ushuru akajua faida ya mnunuzi. Hawezi hata kujua kama mnunuzi wa leo ni bora kuliko wa jana, kwa kuwa mmoja alitoa bei ya juu akajaza sana, na mwingine alitoa bei ya chini akajaza kwa kiasi. Soko huria linalosifiwa linahitaji watu wenye uwezo wa kulinganisha. Lumbesa imeondoa uwezo huo kwa upande mmoja tu, maana mnunuzi anajua vizuri kabisa. Akifika mjini, gunia hilo hilo analifungua na kulihesabu kwa sado, kile kikopo cha kuuzia rejareja, na anajua limetoa sado ngapi.

Tena viazi haviwezi kusubiri. Korosho inakaa ghalani miezi. Kiazi kilichong'olewa kinaanza kuota na kugeuka kijani, nyanya inaoza kwa siku chache, na mvua ikinyesha Fuso halifiki tena kijijini. Mtu anayejadiliana huku mali yake inaharibika hajadiliani kwa usawa na mtu ambaye anaweza kuwasha gari na kwenda kijiji kinachofuata. Kusema kwamba mkulima alikubali kwa hiari yake ni kusahau alikuwa na nini mkononi wakati anakubali.

Hoja ya pili inatoka kwa wafanyabiashara wenyewe, na nakiri ina ukweli mwingi. Wanasema: sisi hatukubuni mfumo huu, tunaufuata. Mwenye lori anatoza kwa gunia. Geti la ushuru linatoza kwa gunia. Soko linatoza kwa gunia, wabebaji wanalipwa kwa gunia, dalali anachukua chake kwa gunia. Mtu mwenye akili timamu, gharama zake zote zikihesabiwa kwa idadi ya magunia, atataka magunia machache yaliyo makubwa. Mfanyabiashara anayekataa lumbesa peke yake atafika soko la Mabibo, Dar es Salaam, na gharama kubwa kwa kila kilo kuliko wenzake, na baada ya misimu miwili atakuwa ameacha biashara. Haya ni kweli. Ndiyo maana sioni faida ya kumchora mchuuzi wa viazi kama shetani. Wengi wao ni watu wenye mtaji mdogo wa kukopa, wanaolala juu ya mizigo yao njia nzima ili isipunguzwe. Lakini tazama hoja hiyo inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba lumbesa inazalishwa na utaratibu wa malipo, na utaratibu wa malipo unaweza kubadilishwa. Sehemu kubwa ya utaratibu huo iko mikononi mwa halmashauri zetu wenyewe. Sheria inaweka ushuru kama asilimia ya thamani ya mazao. Getini unageuka kuwa kiasi kwa gunia, kwa sababu kuhesabu magunia ni rahisi kuliko kupima. Halmashauri inayotoza kwa gunia huku ikihubiri dhidi ya lumbesa inamlipa mnunuzi ajaze zaidi, na inajipunja mapato yake yenyewe.

Kuna mtu mwingine kwenye mnyororo huu ambaye hatajwi, ingawa mzigo wote unapita mgongoni mwake kwa maana halisi ya neno. Ni mbebaji. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa uzito wa juu wa mizigo inayobebwa na mtu mmoja, na pendekezo lililoambatana nao likaweka ukomo wa kilo 55 kwa mwanamume mzima. Gunia halali la kilo 100 tayari ni karibu mara mbili ya hapo. Lumbesa linakaribia mara tatu. Vijana wa Ilala, Mabibo na Tandale wanalishusha kwenye lori na kukimbia nalo kati ya watu, kwenye matope, kwa malipo ambayo hayapandi kichwa cha gunia kikipanda. Mgongo ukivunjika wakiwa na miaka 35, hakuna mfuko wa fidia unaowajua. Kama kuna mtu bado anadhani suala hili ni ugomvi wa bei kati ya mkulima na mchuuzi tu, na amfikirie huyu, anayelipwa kwa gunia moja na kubeba moja na nusu.

Wapo pia wanaosema kwamba mkulima naye si malaika. Anaficha viazi vidogo katikati ya gunia na kupanga vikubwa juu. Kwenye pamba, kilio cha wanunuzi kuhusu maji na mchanga kwenye marobota ni cha miaka mingi. Sitabisha, udanganyifu huo upo na unaumiza, na pamba yetu imelipa gharama yake kwa kushuka ubora. Lakini mtu anayeitumia hoja hii kutetea lumbesa anapaswa kuifuata hadi mwisho wake. Kipimo kikilegea kwa upande mmoja, upande wa pili unatafuta pa kujifidia. Mkulima anayejua kwamba kilo zake 40 zitachukuliwa bure anaona hana dhambi akichanganya viazi vya kulishia mifugo. Mnunuzi anayejua kwamba gunia lina viazi vibovu katikati anaona ana haki ya kuongeza kichwa. Kila mmoja ana kisingizio, na kila kisingizio ni cha kweli. Mwishoni analipa asiyekuwepo kwenye mapatano: mama lishe na mkaanga chipsi wanaofungua gunia mjini. Mizani peke yake haitatenga vikubwa na vidogo, lakini itamwondolea kila mmoja sababu anayojipa ya kumwibia mwenzake.

Hoja ya mila naiheshimu zaidi kuliko zote, maana inagusa jambo zuri. Watu wanasema sisi tumezoea vipimo vya ujazo tangu zamani, na nyongeza ni adabu ya biashara. Muuzaji asiyeongeza kidogo ni bahili. Ni kweli kwamba mababu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Lakini hicho kilikuwa kipimo, chenye ukubwa unaojulikana, na aliyekichezea alijulikana kuwa mwizi. Nyongeza nayo ilikuwa hiari ya muuzaji, aliyeweka kwa mkono wake mwenyewe baada ya kipimo kutimia. Lumbesa imegeuza vyote viwili: kipimo hakipo, na nyongeza inachukuliwa na mpokeaji kabla mtoaji hajafungua mdomo. Ukitaka mila na imani, zipo wazi kabisa kwenye suala hili. Sura ya 83 ya Qurani imepewa jina la wapunjaji wa vipimo, na inawalaumu hasa watu wa tabia hii hii, wanaodai kipimo kijae wanapopokea na kukipunguza wanapotoa. Torati na kitabu cha Mithali vinakemea mizani ya udanganyifu bila kumung'unya maneno. Hakuna mimbari katika nchi hii, ya msikiti wala ya kanisa, inayoweza kuitetea lumbesa kwa kusoma maandiko yake. Ajabu ni kwamba ni mimbari chache zinazoitaja.

Na wanaodai kipimo kijae wanapopokea, wanakipunguza vipi wanapotoa? Nenda upande wa rejareja. Viazi vilivyonunuliwa kwa gunia lenye kichwa vinauzwa kwa sado iliyobonyezwa kitako, au kwa fungu ambalo ukubwa wake unabadilika na saa ya siku na sura ya mteja. Mahindi yananunuliwa kijijini kwa ndoo ya lita 20 iliyopashwa moto ikatanuka, kisha yanauzwa mjini kwa kopo lililokunjwa mdomo. Mlaji wa Dar es Salaam anayedhani lumbesa ni shida ya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini ajiulize kama viazi vimewahi kumshukia bei kwa sababu mkulima alipunjwa. Kati ya shamba na sahani pana mikono mingi, na hakuna hata mmoja unaolazimika kumwambia wa pili amepokea kilo ngapi. Kila mkono ukikadiria, kila mkono unakadiria kwa faida yake. Ni uzoefu huo huo unaotufanya tupokee pipi badala ya chenji ya shilingi mia na kuondoka kimya. Fedha ni ndogo, lakini tumekubali kwamba upande wa pili ndio unaoamua tumepewa nini.

Mwishowe wapo wanaosema mizani nayo huchezewa, kwa hiyo tofauti ni ipi? Inachezewa, ndiyo. Kwenye vyama vya msingi vya ushirika wakulima wamelalamikia mizani iliyoharibiwa kwa makusudi, na malalamiko mengine yamethibitika. Tofauti ni kwamba mizani iliyochezewa inaweza kukamatwa. Ina stika ya ukaguzi yenye mwaka, ina mawe ya kuhakikia, ina mtu anayewajibika. Mkulima anaweza kubeba mfuko wa mbolea ambao haujafunguliwa, akauweka juu yake, na kuona kama inasoma 50. Jicho la kijana anayeshindilia viazi halina stika, na halina rufaa.

Kwa upande wa sheria, hatuna upungufu. Tanzania ina Sheria ya Vipimo tangu 1982, na Wakala wa Vipimo tangu 2002. Kanuni zinataka kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100 na mauzo yafanyike kwa mizani iliyohakikiwa. Amri za marufuku zimetolewa na mawaziri wakuu, mawaziri, wakuu wa mikoa na wa wilaya, zimeandikwa magazetini, na msimu uliofuata vichwa vya magunia vimerudi barabarani. Kenya imepita njia ile ile. Kanuni zake za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia la kilo 50, nusu ya letu, kwa sababu zilizomfikiria mkulima na mbebaji pia, na bado wakulima wa Nyandarua na kaunti jirani wameendelea kulalamikia gunia lililorefushwa. Funzo la nchi zote mbili linafanana. Marufuku inayotekelezwa kwa sehemu haishindi. Wilaya moja ikikaza, malori yanageuza kwenda wilaya ya pili, na mkulima wa wilaya iliyotii sheria ndiye anayebaki na viazi vinavyooza. Anajifunza kwamba sheria inamuumiza, na mwaka unaofuata anakuwa wa kwanza kuomba iachwe.

Tena tazama marufuku hizo zinamkamatia nani. Mara nyingi ni kwenye kizuizi cha barabarani, viazi vikiwa vimeshapakiwa, dereva akiwa na haraka, mkulima akiwa ameshalipwa pungufu na kurudi nyumbani. Magunia yanafunguliwa kando ya njia, viazi vinapondeka, faini inalipwa au inamalizwa kwa maelewano, na safari inaendelea. Faini hiyo mnunuzi anaiingiza kwenye gharama za msimu, na gharama za msimu anazirudisha kwa kuongeza kichwa cha gunia. Adhabu iliyokusudiwa kumlinda mkulima inaishia kulipwa naye.

Kwamba kupima vijijini kunawezekana si jambo la kubahatisha. Tunapima kila siku. Majani ya chai ya wakulima wadogo yanapimwa kituoni kwa kilo. Tumbaku inapimwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula unanunua mahindi kwa kilo. Korosho za Mtwara na Lindi, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye zao hilo msimu wa 2007/08, zinapimwa kwenye chama cha msingi, zinapelekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada, na bei ya mnada inasikika kwa shilingi kwa kilo mpaka kwenye kijiwe cha kahawa. Mfumo huo una madhaifu yake: malipo kuchelewa, makato yasiyoeleweka, viongozi wa vyama waliofikishwa mahakamani. Lakini umebadilisha jambo moja la msingi, kwamba mkulima wa korosho anajua namba yake. Anapodhulumiwa anaweza kusema amedhulumiwa shilingi ngapi. Na adui wa mfumo huo kwa miaka yote amekuwa kangomba, biashara ya kuzinunua korosho pembeni, kwa bakuli, kwa mtu mwenye shida ya haraka. Kagera kuna butura, kahawa inayouzwa ikiwa bado mtini. Popote ambapo mkulima anaumizwa, kitu cha kwanza kinachoondolewa ni mizani.

Hivyo ninachotaka kifanyike kinaanzia mahali penye mizani. Halmashauri za maeneo yanayolima viazi, vitunguu na kabichi zifute ushuru wa kwa gunia na kutoza kwa kilo, zikipima kwenye kituo cha kukusanyia mazao badala ya kuhesabu vichwa getini. Mashine za kielektroniki za kukusanyia mapato tayari zipo. Zinapokea kilo kama zinavyopokea idadi ya magunia. Ushuru ukihesabiwa kwa kilo, sababu ya kwanza ya kujaza inakufa, na halmashauri inapata fedha iliyokuwa ikiipoteza, ambayo inatosha kununua mizani zaidi. Masoko ya Ilala, Mabibo na mengineyo yafanye vivyo hivyo kwa ada za soko na malipo ya ubebaji, maana gunia halitapungua Makete kama Dar es Salaam bado inalipa kwa gunia. Adhabu ihamie kwa mnunuzi, na iwe ya kumnyima kibali cha kununua msimu huo, kwa sababu faini tumeshaona nani anailipa. Na mikoa ya Njombe, Mbeya na Iringa ianze pamoja, siku moja, kwa tangazo moja, ili lori lisipate pa kukimbilia.

Sehemu kubwa ya haya haihitaji Bunge. Inahitaji sheria ndogo, na sheria ndogo zinapitishwa na madiwani, watu ambao wengi wao ni wakulima au watoto wa wakulima. Viongozi wa vijiji nao wasisubiri. Mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kuamua kwamba mazao yatauzwa kwenye kituo kimoja chenye mizani iliyohakikiwa, na kwamba mnunuzi anayekubali kupima anahudumiwa kwanza. Wanunuzi wa namna hiyo wapo, wamechoka kushindana na wajazaji, na kijiji kitakachowapa nafasi kitajua, kwa mara ya kwanza katika historia yake ya kuuza viazi, kimeuza kilo ngapi.